Umeme wa Matopeni

Bakteria anayekula sukari huivunja hatua kwa hatua na kuchopoa elektroni zilizomo. Elektroni ni chembe zenye chaji hasi, zile zile ambazo zikipita ndani ya waya huitwa umeme. Bakteria huzipitisha katika mlolongo wa protini zilizopangwa kwenye utando wa mwili wake, na katika safari hiyo hupata nguvu ya kuishi. Lakini hawezi kuzilimbikiza. Mwisho wa mlolongo lazima kiwepo kitu cha kuzipokea. Kisipokuwepo, kazi yote ya ndani husimama, kama kinu kilichojaa pumba kwa kukosa pa kuzimwaga.

Kwa binadamu, mpokeaji huyo ni oksijeni. Mtu huvuta hewa ili oksijeni ifike kila pembe ya mwili, ipokee elektroni zilizotoka kwenye chakula, iungane na protoni na kugeuka maji. Kupumua, kwa maana hiyo, ni namna ya kutua mzigo wa elektroni. Bakteria wengi wanaoishi penye hewa hufanya hivyo hivyo. Sentimita chache chini ya tope, hata hivyo, oksijeni huwa imekwisha, na wakazi wa huko wamelazimika kutafuta vipokezi vingine. Wapo wanaopumulia naitreti. Wapo wanaopumulia salfeti na kutoa ile harufu ya yai viza inayompata mtu akikanyaga tope jeusi la mikoko. Na wapo wanaopumulia madini magumu, hasa kutu ya chuma na oksidi za manganizi.

Kundi hili la mwisho ndilo linalozungumziwa hapa. Bakteria awezaye kutua elektroni zake juu ya punje ya kutu iliyo nje ya mwili wake anaweza pia kuzitua juu ya kipande cha kaboni. Kaboni ikifungwa waya, elektroni hizo huondoka zikiwa mkondo wa umeme. Chombo kinachotumia njia hii huitwa seli ya fueli ya bakteria. Kwa kuwa neno "seli" hutumika pia kwa chembe hai, hapa litamaanisha chombo tu.

Chombo chenyewe

Seli ya kawaida ya maabara ina vyumba viwili. Katika chumba cha kwanza hukaa bakteria pamoja na chakula chao, nacho huzibwa ili hewa isiingie. Humo huzamishwa elektrodi ya kaboni iitwayo anodi. Chumba cha pili kina elektrodi nyingine, kathodi, inayopata oksijeni ya hewani. Kati ya vyumba hivyo huwekwa utando unaopitisha protoni na ayoni nyingine, huku ukizuia oksijeni isivuke kwenda kwa bakteria. Waya huunganisha elektrodi hizo mbili kwa nje, na katikati ya waya hufungwa taa, kihisio au kitu kingine chochote kinachotaka umeme.

Chakula ambacho watafiti hukitumia zaidi ni asetati, chumvi ya asidi ile ile iliyomo katika siki. Molekuli moja ya asetati ikiliwa yote hutoa elektroni 8. Elektroni huingia kwenye anodi na kufuata waya, na protoni huogelea kupitia utando. Pande zote mbili hukutana kwenye kathodi, ambako oksijeni huzipokea na kuwa maji. Mwisho wa yote, asetati na oksijeni zimegeuka kaboni dioksidi na maji, sawasawa na vile ambavyo zingegeuka motoni. Tofauti iko katika njia. Motoni, elektroni huruka moja kwa moja kutoka kwenye fueli hadi kwenye oksijeni, na nguvu yote hutoka kama joto. Katika seli, fueli na oksijeni zimetenganishwa, na elektroni hazina budi kupita kwenye waya. Kazi ya umeme hufanyika humo njiani.

Bakteria ndiye kichocheo cha mmenyuko huo, na hapa pana ubora ambao seli za kawaida za hidrojeni hazina. Seli za hidrojeni hutegemea platinamu, madini ghali ambayo uchafu kidogo tu huyaharibu. Bakteria huzaliana, hujirekebisha, na uchafu ndio chakula chake. Wala si lazima anunuliwe: anodi ikitumbukizwa katika majitaka au tope na kuachwa kwa siku au majuma kadhaa, bakteria wanaofaa hujikusanya wenyewe juu yake, kwa sababu hapo ndipo pekee wanapoweza kupumua. Mkondo wa umeme hupanda polepole kadiri jamii yao inavyokua.

Miaka 90 ya kusubiri

Aliyekuwa wa kwanza kupima umeme wa namna hii ni Michael Cressé Potter, profesa wa botania mjini Newcastle, katika chuo kilichokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Durham nchini Uingereza. Mwaka 1911 alichapisha taarifa ya majaribio aliyofanya kwa hamira na kwa bakteria wa utumbo aitwaye Escherichia coli. Alitumbukiza elektrodi za platinamu, moja ndani ya kioevu chenye viumbe hao na sukari, nyingine ndani ya kioevu kisicho nao, akapata volti 0.3 hadi 0.5. Aliona pia kwamba umeme ulibadilika kulingana na joto, wingi wa viumbe na kiasi cha chakula. Hilo lilimthibitishia kwamba chanzo chake kilikuwa uhai wenyewe. Ulimwengu haukumsikiliza sana. Makaa ya mawe yalikuwa tele, na mabomba ya majitaka hayakumpa mhandisi yeyote wazo la mtambo wa umeme.

Mwaka 1931, Barnett Cohen wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, aliunganisha seli nyingi za bakteria kwa mfululizo akafikisha volti zaidi ya 35. Volti hizo zinavutia, lakini mkondo ulikuwa miliampea 2 tu, na tatizo hilo la mkondo mdogo halijaiacha fani hii hadi leo. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa safari za anga za Marekani walivutiwa na wazo la kugeuza taka za wanaanga kuwa umeme, kisha paneli za jua zikawafaa zaidi.

Kikwazo kilijulikana. Hamira na E. coli hawana njia ya kutoa elektroni nje ya mwili kwa wingi, kwa kuwa kuta zao haziupitishi umeme. Katika miaka ya 1980, Peter Bennetto na wenzake wa King's College London walikikabili kikwazo hicho kwa kutumia wapagazi: kemikali za rangi kama thionini, zinazopenya ndani ya mwili wa bakteria, hubeba elektroni, hutoka na kuzitua kwenye anodi, kisha hurudi kuchukua mzigo mwingine. Mkondo uliongezeka mno. Vifaa vya shule vya aina hii, vyenye hamira, sukari na rangi ya bluu ya methileni, vingali vikitumika kufundishia, na vinafaa sana kwa kazi hiyo. Lakini wapagazi hao hugharimu fedha, huchakaa, na baadhi yao ni sumu. Mtambo wa kusafisha maji hauwezi kutiwa sumu kila wiki ili ufanye kazi.

Jibu lilitoka kwa watafiti wa bakteria wa ziwani na matopeni, watu ambao hawakuwa wakitafuta umeme hata kidogo. Kenneth Nealson alikuwa akichunguza Ziwa Oneida katika jimbo la New York, ambako manganizi ilibadilika hali yake haraka kuliko kemia ya kawaida ilivyoweza kueleza. Mwaka 1988 yeye na Charles Myers walieleza kwamba aliyehusika ni bakteria anayepumulia oksidi ya manganizi, ambaye leo huitwa Shewanella oneidensis. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Derek Lovley na wenzake walikuwa wamemtangaza bakteria mwingine, kutoka matope ya Mto Potomac karibu na Washington, anayepumulia kutu na kuigeuza magnetiti, lile jiwe jeusi la sumaku. Jamii yake ikaitwa Geobacter.

Ilichukua muongo mwingine bakteria hawa na umeme kukutanishwa. Mwaka 1999 Byung Hong Kim na wenzake nchini Korea Kusini walionyesha kwamba Shewanella hutoa umeme kwenye elektrodi bila mpagazi yeyote. Mwaka 2002 kundi la Lovley lilichunguza elektrodi zilizofukiwa katika matope ya baharini na kukuta zimefunikwa na jamaa wa Geobacter, na mwaka uliofuata likaonyesha kwamba Geobacter sulfurreducens peke yake hula asetati na kupeleka karibu elektroni zote kwenye anodi. Tangu Potter ilikuwa imepita miaka 90. Muda huo ulipotea kwa sababu viumbe waliotumika hawakuwa wale ambao kazi hiyo ni maisha yao.

Jinsi elektroni zinavyotoka

Namna bakteria anavyouvusha umeme hadi nje ya ngozi yake ni sehemu ya kuvutia kuliko zote katika elimu hii, na inastahili kuelezwa bila haraka.

Ngozi ya bakteria ni mafuta na protini, vitu ambavyo kwa kawaida huzuia umeme. Shewanella na Geobacter wameitoboa na kuweka humo protini ziitwazo sitokromu. Ndani ya kila sitokromu mna atomu za chuma zilizoshikwa na molekuli iitwayo hemu, hiyo hiyo inayoipa damu ya binadamu wekundu wake. Chuma hicho hupokea elektroni na kuiachia kwa jirani. Sitokromu zikipangwa bega kwa bega kutoka utando wa ndani hadi wa nje, elektroni huvuka kwa kuruka kutoka hemu moja hadi nyingine. Bakteria hawa wana chuma kingi kiasi kwamba tabaka lao likikomaa juu ya anodi huonekana jekundu kwa macho matupu.

Baada ya kufika nje, kila jamii ina mbinu yake. Shewanella hutengeneza mpagazi wake mwenyewe. Mwaka 2008 ilijulikana kwamba humwaga majini kemikali za jamii ya flavini, ikiwemo riboflavini, yaani vitamini B2 inayopatikana katika maziwa na maini. Flavini huchukua elektroni kutoka kwenye ngozi yake na kuzifikisha kwenye madini au anodi iliyo mbali kidogo. Kilichowagharimu watu wa London kwa rangi za dukani, Shewanella alikuwa akikifanya tangu zamani kwa vitamini.

Geobacter hupenda kugusa. Hujibandika juu ya anodi, wenzake hubandikana juu yake, na tabaka likanenepa hadi makumi ya mikromita. Bakteria wa juu kabisa, aliye mbali na kaboni mara nyingi ya urefu wa mwili wake, naye hupumua bila shida, maana Geobacter huota nyuzi nyembamba zinazopitisha umeme. Mwaka 2005 Gemma Reguera, Lovley na wenzao walizitangaza nyuzi hizo wakidhani ni aina ya vinyweleo ambavyo bakteria wengi hutumia kujishikiza. Mjadala ulikuwa mkali kwa zaidi ya muongo. Mwaka 2019 picha za darubini ya elektroni zilizopigwa kwenye baridi kali zilionyesha kwamba uzi uliochunguzwa ni mnyororo wa sitokromu iitwayo OmcS, hemu zimepangwa ndani yake kama ushanga kutoka mwanzo hadi mwisho. Unene wa uzi huo ni takriban nanomita 4. Unywele wa binadamu ni mnene kuliko huo zaidi ya mara 10,000.

Wapo hata wanaozidi hapo. Katika matope ya ghuba ya Aarhus, Denmark, waligunduliwa bakteria wanaoungana kichwa kwa mkia hadi kuwa uzi wa sentimita kadhaa, wa chini wakila salfidi, wa juu wakipumulia oksijeni kwa niaba ya wote. Ugunduzi wao ulichapishwa mwaka 2012. Bado hawajatumiwa katika seli za kawaida, lakini wamethibitisha kwamba umeme hupita katika matope ya dunia kwa umbali ambao hakuna aliyeutarajia.

Hesabu ya nguvu

Maswali yote ya matumizi hurudi kwenye hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu.

Tofauti ya volti kati ya bakteria anayekula asetati na oksijeni iliyo kwenye kathodi ni takriban volti 1.1. Hicho ndicho kikomo cha maumbile, na hakuna ustadi wa fundi utakaokizidi. Seli halisi isiyofungwa mzigo hufikia volti 0.8 hivi. Ikifungwa mzigo hushuka hadi kati ya 0.3 na 0.5. Sehemu ya volti huchukuliwa na bakteria mwenyewe kama ujira wake, sehemu hupotea kwa ukinzani wa maji, na sehemu kubwa kuliko zote mara nyingi hupotelea kwenye kathodi, kwa kuwa oksijeni ni mvivu kupokea elektroni.

Uchafu wa majitaka hupimwa kwa kiasi cha oksijeni kinachohitajika kuuozesha wote. Uchafu unaohitaji kilo 1 ya oksijeni una elektroni zenye chaji ya kulombu milioni 12. Zikishuka kwa volti 1.1, hutoa uniti 3.7 za umeme, yaani kilowati-saa 3.7. Zikishuka kwa volti 0.4 hutoa uniti 1.3 tu. Lita 1,000 za majitaka ya kawaida ya nyumbani huwa na nusu kilo hivi ya uchafu huo. Kwa hiyo, seli ikizinasa nusu ya elektroni kwa volti 0.4, lita 1,000 hutoa theluthi moja ya uniti. Umeme huo ni wa kuendeshea birika la wati 2,000 kwa dakika 10.

Kasi nayo ni ndogo. Seli nzuri ya maabara hutoa wati 1 au chache zaidi kwa kila mita moja ya mraba ya elektrodi, na seli iliyo nje, kwenye majitaka halisi, hutoa chini ya hapo. Paneli ya jua ya eneo hilo hilo hutoa wati 200 hivi mchana wa jua kali. Anayeahidi kwamba bakteria wataiwashia miji taa, basi, anaahidi kitu ambacho hesabu haikubali. Vyombo vya habari vimerudia ahadi hiyo mara nyingi, nayo imeidhuru fani hii, kwa kuwa imewafanya watu waipime kwa kipimo kisichoifaa.

Vikwazo na dawa zake

Wahandisi wamejifunza kwa gharama kwamba seli haikui kwa kupanuliwa tu. Seli ya ukubwa wa kikombe ikifanywa pipa, elektrodi huwa mbali zaidi, ukinzani huongezeka, na nguvu kwa kila lita hushuka. Njia iliyofaulu zaidi ni kutengeneza seli nyingi ndogo na kuziunganisha, kama mizinga ya nyuki. Hata hapo pana mtego: katika mfululizo wa seli, moja ikiishiwa chakula, zile nyingine huisukuma hadi nguzo zake zigeuke, ya chanya ikawa hasi. Ndiyo maana mitambo mingi hukusanya umeme kidogo kidogo katika kapasita, kisha huutoa kwa mkupuo.

Wapo pia wezi wa chakula. Vijidudu vinavyozalisha methani huila asetati ile ile, na kila vinachokula ni elektroni zisizofika kwenye waya. Oksijeni inayopenya ndani ya chumba cha anodi hufanya wizi wa namna hiyo hiyo.

Mafanikio makubwa zaidi yamekuwa katika vifaa. Mwaka 2004, kundi la Bruce Logan wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania lilionyesha seli ya chumba kimoja, ambayo kathodi yake upande mmoja hugusa maji na upande wa pili hugusa hewa, hivyo hakuna haja ya kupuliza oksijeni kwa pampu. Ikilishwa majitaka halisi, seli hiyo iliondoa hadi asilimia 80 ya uchafu huku ikitoa umeme. Baadaye platinamu ya kathodi ilibadilishwa kwa mkaa ulioamilishwa, ule wa kuchujia maji, ambao bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya platinamu. Na anodi za brashi, nyuzi za kaboni zilizosokotwa kwenye waya kama brashi ya kuoshea chupa, ziliwapa bakteria eneo kubwa la kukaa katika nafasi ndogo.

Utando nao umepata mbadala wa kushangaza kwa urahisi wake. Utando wa viwandani wa kupitisha protoni huuzwa kwa bei kali. Watafiti wa India, na baadaye wa Bristol nchini Uingereza, walitumia badala yake udongo wa kufinyanga uliochomwa. Sifa inayoufanya mtungi upoze maji ndiyo inayotumika hapa: ukuta wake una vitundu vidogo, maji huvipenya polepole, na ayoni hupita pamoja nayo, lakini oksijeni hupita kwa shida. Bakteria hukaa upande mmoja wa ukuta, kathodi upande mwingine. Katika nchi ambako ufinyanzi haujafa, sehemu hii ya seli inaweza kutengenezwa na mafundi waliopo.

Kazi inazoziweza

Kazi ya kwanza iliyofanikiwa nje ya maabara ilikuwa chini ya maji. Anodi hufukiwa katika tope, kathodi huachwa juu yake katika maji yenye oksijeni, na tope lenyewe huwa utando na ghala la chakula kwa pamoja. Mwaka 2008, Leonard Tender na wenzake wa maabara ya jeshi la majini la Marekani walieleza jinsi seli ya aina hiyo ilivyoendesha boya la kupima hali ya hewa katika Mto Potomac, mto ule ule aliotoka Geobacter wa kwanza. Boya lilihitaji miliwati 18 kwa wastani, na seli ilitoa zaidi ya hizo. Miliwati 18 ni kidogo sana, lakini boya lililo mbali na nchi kavu hugharimu chombo, mafuta na watu kila mara betri zake zinapobadilishwa. Tope halibadilishwi.

Kazi ya pili ni upimaji. Kwa kuwa mkondo wa seli hufuata wingi wa uchafu uliomo majini, seli yenyewe inaweza kuwa kipimo. Kipimo cha kawaida cha oksijeni inayohitajika kuozesha uchafu huchukua siku 5 katika maabara, na kiwanda kikimwaga sumu Jumatatu, majibu hupatikana samaki wakiwa wamekwisha kufa. Seli ya bakteria hujibu haraka zaidi, papo hapo mtoni, na mkondo ukianguka ghafla ni dalili kwamba bakteria wamesumika. Kundi la Kim huko Korea liliendesha kihisio cha namna hiyo kwa zaidi ya miaka 5. Hii huenda ndiyo kazi inayozifaa seli hizi kuliko zote, maana haihitaji umeme mwingi, inahitaji umeme mwaminifu.

Kusafisha majitaka ndiko kunakotajwa zaidi. Katika mitambo inayopuliza hewa kwenye majitaka, upulizaji huo hula takriban nusu ya umeme wote wa mtambo. Seli haihitaji kupuliziwa, na bakteria wake, kwa kuwa wanapata ujira mdogo, huzaliana kidogo na kuacha tope kidogo la kwenda kutupwa. Akiba hiyo mara nyingi inazidi thamani ya umeme unaozalishwa. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Queensland kilijaribu mtambo wa nguzo 12 zenye urefu wa mita 3 katika kiwanda cha bia huko Yatala, Australia, na jaribio hilo lilionyesha zaidi ugumu wa kupanua seli kuliko urahisi wake.

Ni lazima kuwa wazi kuhusu mahali ambapo hoja hiyo haifiki. Mabwawa ya majitaka ya Vingunguti, Dar es Salaam, au ya Dandora yanayohudumia Nairobi, hutegemea jua, upepo na mwani, wala hayapulizwi hewa kwa umeme. Hapo hakuna bili ya kuokoa. Na penye taka nzito, kama mabaki ya mkonge yaliyojengewa mtambo wa bayogesi huko Hale mkoani Tanga, kuzalisha methani na kuichoma kwenye jenereta ni njia iliyokomaa na yenye nguvu nyingi zaidi. Seli hupata nafasi yake pale ambapo maji ni mepesi mno kwa bayogesi, au mahali ni padogo mno kwa jenereta.

Mwaka 2005 iliongezwa kazi nyingine. Seli ikinyimwa oksijeni kwenye kathodi na kuongezewa volti kidogo kutoka nje, elektroni na protoni huungana kuwa hidrojeni. Kupasua maji kwa umeme peke yake hudai volti 1.23 katika nadharia na zaidi ya hapo kwa vitendo. Bakteria wakisaidia, inatosha kuongeza robo ya volti au zaidi kidogo, kwa kuwa sehemu iliyobaki hulipwa na uchafu. Ujuzi huo huo wa kutua elektroni nje ya mwili umewapeleka bakteria hawa kwenye usafishaji wa ardhi: Geobacter hupokonya uchafu wa urani umumunyifu wake kwa kuukabidhi elektroni, nao hunasa ardhini badala ya kusafiri na maji.

Mkojo na giza

Ioannis Ieropoulos na wenzake wa Bristol walichagua fueli ambayo haiishi popote penye watu. Mkojo una chumvi, hivyo hupitisha umeme vizuri, na una mabaki ya chakula yanayoliwa na bakteria. Mwaka 2013 walichaji simu ya mkononi kwa seli za mkojo, ikatosha kutuma ujumbe na kupiga simu fupi. Mwaka 2015 waliweka choo cha kukojolea chuoni kwao, wakishirikiana na shirika la Oxfam, na kingine katika tamasha la Glastonbury, ambako mkojo wa wahudhuriaji uliwasha taa za choo hicho hicho.

Oxfam ilikuwa na sababu yake. Katika kambi za wakimbizi, choo kisicho na taa ni mahali pa hatari kwa wanawake na watoto baada ya jua kutua. Paneli ya jua huibwa, betri huuzwa, jenereta huishiwa mafuta. Masanduku ya seli yaliyojaa mkojo hayana soko kwa mwizi, na fueli yake huletwa na mtumiaji mwenyewe kila anapoingia.

Mwaka 2017 kundi la Ieropoulos lilifunga mtambo wake katika shule ya wasichana mjini Kisoro, kusini magharibi mwa Uganda. Mkojo wa wanafunzi ulipita katika seli, bakteria wakaula, kapasita zikajaa, na taa za vyoo zikawaka usiku. Umeme huo haukutosha kupika wala kupiga pasi. Ulitosha msichana kuuona mlango wa choo gizani.